Dume la Baba Mdogo na Bibi Harusi Aliyegonga Mlango

Shaka iliyoninyima usingizi ilimhusu bibi harusi. Sikuwa na mchumba, wala harusi sikuitarajia. Huyu alikuwa bibi harusi wa kitabuni, aliyezikwa katika sehemu ya kwanza na kurudi kugonga mlango wa mumewe mwishoni mwa sehemu ya pili. Nilikuwa nimelala chali kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu mjini Mwanza, sehemu ya tatu ikiwa kifuani pangu, nimeshaimaliza. Nilijua tayari kama ni mfu au yu hai. Nilichokuwa sijui ni nimwambie nani, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa linamchukua ng'ombe dume wa baba mdogo wangu.

Nirudi nyuma kidogo.

Miaka ile serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walitoka chuoni wakakuta barua zinawasubiri. Sisi tulitoka tukaambiwa soko limefunguliwa. Nilirudi Bariadi na sanduku la bati na shahada, nikafikia kwa baba mdogo, fundi cherehani mwenye baraza iliyotazama barabara ya kwenda Lamadi. Soko lilikuwa limefunguliwa kweli. Mitumba ilikuwa imefika na kumpunguzia wateja. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Na kutoka Dar es Salaam vilianza kuja vijitabu vya kutisha, vya karatasi nyepesi kama ya gazeti, na jalada lenye damu nyingi kuliko yote iliyomwagika humo ndani.

Mtunzi wa kile cha bibi harusi hatukumjua. Nyuma ya kitabu kulikuwa na picha ya mtu mwenye miwani myeusi, na picha ilichapwa vibaya kiasi kwamba angeweza kuwa yeyote kati yetu. Wengine walisema anaandika akiwa amekaa makaburini. Wengine walishikilia kwamba ni Msukuma wa Kalemela aliyehamia Dar akiwa mdogo, kwa kuwa katika sehemu ya kwanza kuna mtu anakula michembe, na hakuna mtu wa pwani anayeweza kuandika viazi vikavu kwa mapenzi yale.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, kwa hiyo, ilikuwa kusoma kwa sauti kwenye baraza ya fundi. Watu walileta suruali zisizochanika ili wapate sababu ya kukaa. Kiswahili walikijua wote, cha sokoni na cha ofisini kwa mtendaji, lakini mtu haogopi vizuri kwa lugha ya sokoni. Nilisoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza Kisukuma, na hofu iliingia hapo kwenye kugeuza. Nilikuwa nawaona wanavyojikusanya. Halafu usiku nililala nikijiuliza kama neno nililochagua lilikuwa sahihi, na kama mtunzi angekasirika, na kama kuna sheria.

Mkosoaji wetu mkuu alikuwa mama mdogo. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, mgongo ametupa, kama mtu asiyehusika.

"Huyo mzimu wenu amevaa viatu?" aliuliza mara moja.

"Ndiyo, mama. Viatu vyeupe vya harusi."

"Amefukuliwa navyo?"

"Alizikwa navyo."

"Nani anazika viatu vizima siku hizi? Endelea."

Sehemu ya pili iliishia mume akiwa ameshika komeo, bibi harusi yuko nje, anasema kwa sauti ya taratibu kwamba amekuja kuchukua sanduku lake. Chini yake kuna maneno ya mchapaji kwamba tusubiri. Tukasubiri. Pamba ikapasuka, ikachumwa, ikauzwa, na mume bado ameshika komeo.

Ni katika kusubiri huko ndipo mji wetu ulipogawanyika. Upande wa Cherehani, yaani baraza yetu, ulisema yule ni mfu. Upande wa Mashine ulisema yu hai na kuna hila. Mashine ilikuwa ile ya kusaga, hatua chache mbele yetu, na mwenye mashine alikuwa mzee mnene mwenye nyusi zilizojaa unga kuanzia asubuhi, aliyekuwa na ugomvi na baba mdogo tangu ujana wao.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa ngoma. Mtu asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo hili. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: wanatembea. Chama kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda, na ng'ombe wa zawadi ni wake. Ndiyo maana wachezaji hutafuta dawa ya kuvuta watu, na ndiyo maana hawaoni haya kufanya jambo lolote ili watu wageuze shingo.

Baba mdogo na mwenye mashine walikuwa wa vyama tofauti. Mwaka mmoja, upande wa mwenye mashine ukiwa unashinda waziwazi, baba mdogo alipanda juu ya kichuguu, akazunguka mara mbili, akaanguka. Hakupumua. Jasho likamkauka. Wanawake wakaanza kulia. Uwanja mzima ukahamia kwenda kuona maiti, na ulipokuwa umehamia wote, maiti akainuka akaendelea na wimbo pale alipoachia. Chama chake kikachukua ng'ombe.

Tangu siku hiyo mwenye mashine hakuamini kifo chochote alichosimuliwa. Ndiyo maana nasema upande wake haukutokana na kusoma kitabu kwa makini.

"Mtu akikuambia kafa, mfinye kwanza," alisema, amesimama barazani kwetu na debe la mahindi ya mtu. "Huyo mwanamke yu hai. Nawajua wanaoanguka anguka."

"Hai wapi? Amezikwa mbele ya mchungaji na mbele ya wakwe," baba mdogo alijibu, pini mdomoni.

"Na wewe ulililiwa mbele ya mkuu wa wilaya."

"Basi weka ng'ombe."

"Naweka mtamba. Wewe unaweka nini, vifungo?"

Baba mdogo akatoa pini mdomoni, jambo alilofanya kwa nadra. "Naweka dume."

Alikuwa na dume mmoja tu, mwenye mabaka, ndiye aliyevuta jembe la kukokotwa. Jembe lenyewe na huyo dume vilitokana na pamba ambayo mama mdogo alipalilia mwaka uliotangulia, mgongo umepinda, wakati fundi anashona sare za shule. Dume akiondoka, msimu unaofuata mama mdogo angelima kwa jembe la mkono, na mimi pembeni yake na shahada yangu. Yeye hakuwapo barazani wakati maneno haya yanasemwa. Alikuwa kisimani.

Mwenye mashine alikataa mimi nisome peke yangu. "Huyu ni mtoto wako. Atageuza mambo kwenye Kisukuma." Niliumia, kwa sababu hata mimi nilishaanza kujiuliza kama nisingegeuza. Yeye akamteua katekista mstaafu, mzee mwenye sauti iliyozoea kufika hadi benchi la nyuma. Wakakubaliana kama wanaume wa ngoma: vinunuliwe vitabu viwili, siku ya gulio, uwanja wa wazi nyuma ya mnada wa ng'ombe. Wasomaji wawili, saa ileile. Na watu watembee. Kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba kitabu kitasema la kwake, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba walichokubaliana ni mashindano ya ngoma na si ya ukweli. Mimi pia sikuona wakati huo. Nilikuwa nawaza vitu vingine.

Iliposikika kwamba sehemu ya tatu imefika Mwanza, nilitumwa mimi, kwa kuwa nilikuwa naenda hata hivyo kufuatilia ombi la kazi kwenye ofisi moja. Asubuhi ya safari baba mdogo alinipa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Kola ilikuwa nene upande mmoja.

"Kuna nini humu, baba?"

"Kola."

"Inawasha."

"Itazoea."

Alikuwa ameshonea dawa ya kuvuta watu ndani ya kola, ili ianze kunifahamu mapema kabla ya siku yenyewe. Nilifika kwenye ile ofisi na kukaa kwenye benchi refu lililo tupu. Kila aliyeingia, na benchi lote liko wazi, alikuja kukaa ananigusa. Mama mmoja mwenye mtoto, kijana mwenye bahasha, mzee aliyekuwa amekosea ofisi. Nilibanwa hadi ukutani. Katibu muhtasi alituangalia akauliza kama tumekuja msafara. Ombi langu, alisema, lipo kwenye faili na faili lipo juu. Nilitumia saa nzima kufikiri kama "juu" ni ghorofa au ni cheo.

Kwenye meza ya vitabu karibu na stendi kulikuwa na foleni. Sijawahi kuona watu wanasukumana kwa ajili ya hadithi namna ile; dada mmoja wa hospitali, bado na sare yake, alinikanyaga na hakuomba radhi. Nilipofika mbele muuzaji alinipa kimoja.

"Naomba viwili, kaka."

"Kimoja kimoja. Wamekuja mpaka wa kutoka Musoma."

Nilizunguka nikapanga foleni tena, nimevua shati la nje na kubaki na fulana, nikiamini sitatambulika. Alinitambua. Ila hata hivyo vilikuwa vimekwisha.

Sasa mnajua kwa nini nilikuwa chali. Niliisoma sehemu ya tatu kwa mwanga wa mshumaa kwa sababu umeme ulikatika, nikasema afadhali, giza linafaa. Kurasa za mwanzo ziliniweka mgongo ukutani. Mume akafungua mlango. Na pale, pale kabisa, mtunzi wetu alitufanyia kitu ambacho mpaka leo sijamsamehe. Bibi harusi akaingia, akaketi, akaomba maji, akaeleza. Hakufa. Jeneza lilijazwa mgomba. Alijificha kwa sababu ya kiwanja cha Mbezi ambacho kaka zake walitaka kukiuza mara mbili. Sehemu yote iliyobaki inapita ofisi ya ardhi. Kuna ramani. Kuna wakili. Mtu mmoja anapiga mhuri.

Tulikuwa tumengojea msimu mzima wa pamba ili tuambiwe habari za kiwanja.

Halafu nikaanza kuwaza, na mimi nikianza sina breki. Nikisoma kilivyoandikwa, mdomo wangu mwenyewe ndio utakaotamka kwamba mwenye mashine alisema kweli, na dume ataondoka kwa Kisukuma safi. Nikigeuza, katekista naye ataomba kukiona kitabu, na ataniita mwongo kwa ile sauti ya benchi la nyuma. Nikisema hakijatoka, kondakta wa basi letu alishaniona nacho pale stendi na kondakta yule hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Nikikipoteza? Niliwaza kukipoteza kwa muda mrefu, nikachagua hata mahali, darajani, kisha nikawaza kwamba kitaelea.

Nilifika nyumbani sina hata hamu ya kula. Mama mdogo aliniangalia ninavyomega ugali kwa ncha za vidole.

"Yu hai," akasema.

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Angekuwa mfu ungekuwa umeshaanza kututisha tangu getini. Yu hai, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza mgomba, kaka, kiwanja, mhuri. Alisikiliza mpaka mwisho na uso ukazidi kukunjamana.

"Gete, kweli?" alisema. "Viatu vyote vile, halafu kiwanja?"

"Ndiyo."

"Huyo mtunzi si wa Kalemela." Akakusanya sahani. Kisha, bila kugeuka: "Na kwa nini baba yako anamwogesha dume leo, mara ya pili wiki hii? Anampeleka kipaimara?"

Nikamwambia kwamba dume amewekwa dau. Nilitegemea kelele. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda, akaangalia mikono yake, viganja kwanza, kisha migongo ya viganja.

"Mwaka jana nilipalilia lile shamba mara tatu," alisema. "Sina la kumwambia baba yako, nikianza sitamaliza kabla ya mvua. Nakuambia wewe. Huyo dume akienda, jembe la pili lipo nyuma ya ghala. Mpini wake unakufaa urefu."

Alipotoka niliendelea kukaa. Ndipo likanijia jambo ambalo mtu asiyesoma sana angeliona tangu mwanzo. Hawakuwekeana sharti la nani kasema kweli. Walikubaliana watu watembee.

Siku ya gulio uwanja ulijaa mapema. Wauza ng'ombe waliacha mnada ukiwa haujachangamka, na wauza mitumba walisogeza marundo yao karibu. Dume mwenye mabaka alifungwa kwenye mgunga, anang'aa kama kiatu, na mtamba wa mwenye mashine karibu yake, na hao wawili tu ndio waliokuwa watulivu. Baba mdogo alikuwa na futi ya kupimia shingoni, ameivaa kama shanga za ngoma. Mwenye mashine alinawa uso. Sikuwahi kuona nyusi zake zikiwa nyeusi.

"Mwadila, msomi," alinisalimia. "Kondakta anasema ulileta kimoja."

"Mwadila, baba. Ni kweli, kimoja."

"Basi hakuna ngoma. Ama mtasoma ninyi na sisi tutasikia mtakavyopenda?"

Upande wa Mashine ulianza kuguna. Baba mdogo alinisogelea akaninong'oneza, "Soma wewe. Soma ile ya kaburini. Kola iko sawa?"

Kola ilikuwa inawasha vibaya sana. Nikatoa kitabu kwenye mfuko wa suruali. Miguu yangu ilinipeleka upande wa pili kabla sijamaliza kufikiri, na hilo lilikuwa jambo geni kwangu. Nikampa katekista kitabu, kwa mikono miwili.

"Kisome chote, mzee. Hakuna ukurasa uliotoka."

Akakigeuza, akafungua ukurasa wa mwisho, macho yakapita haraka, akatabasamu. Akamwonyesha mwenye mashine kwa kidole. Mwenye mashine akacheka hadi akashika mti.

"Yu hai!" aliwatangazia watu wake. "Nilisema nini? Fundi, mfungue dume." Kisha akanigeukia. "Na wewe utasoma nini, mwanangu? Cheti chako?"

"Mimi sisomi, baba. Mzee ndiye mwenye kitabu, na kilichoandikwa ndicho atakachowasomea. Mimi nitasimulia ya kwangu. Watu watembee, kama mlivyokubaliana."

Akaacha kucheka. Alimtazama baba mdogo, na nikaona amekumbuka kichuguu. "Hiyo ni hila," alisema.

"Ni ngoma," baba mdogo alisema polepole, kama mtu anayeokota sarafu aliyodhani imepotea. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba ameshindwa kwenye kitabu, na kwamba huenda bado hajashindwa uwanjani. Alikwenda kusimama karibu na dume wake.

Katekista alikohoa, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Mume akafungua mlango, bibi harusi akaingia, akaketi, akaomba maji. Watu wote walikuwa upande wa Mashine, mamia ya migongo imenigeukia. Mbele yangu alikuwa mama mdogo peke yake, kwenye kigoda alichokibeba kutoka nyumbani, ungo mapajani.

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa nimezoea kuanza na sentensi ya mtu mwingine kisha kuigeuza, na sasa hapakuwa na cha kugeuza. Nikangoja. Kule nyuma ya migongo katekista alifika kwa kaka, akafika Mbezi, akaanza kusoma namba ya kiwanja, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu alisoma tarakimu zote na herufi iliyozifuata, akaigeuza yote Kisukuma.

Mzee mmoja akageuza shingo.

Nikafungua mdomo, Kisukuma tupu, sauti ya chini ili mtu alazimike kusogea. Nikasema kwamba mume alifungua mlango na nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na viatu viwili vyeupe, vimekaa sawasawa, ncha zikitazama ndani. Na vilikuwa na uzito, kwa sababu mchanga ulikuwa umebonyea chini yake.

"Vina miguu?" mama mdogo aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake ya kawaida, ilikuwa kubwa mara mbili.

"Subiri, mama," nikamwambia, na nikapiga hatua moja mbele, jinsi viatu vilivyopiga.

Yule mzee aliyegeuza shingo akainua kigoda chake, akaanza kutembea kuja upande wetu.